Karatasi za Mjapani na Kioo cha Hajati

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, na ninawakumbuka wote. Mtu aliyejijengea jina kwa mikono yake hasahau aliyemwambia kuwa jina hilo halitasimama.

Wa kwanza alikuwa fundi wa injini mwenye gereji ng'ambo ya njia, pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Alikuwa mzee mnene, mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata akiwa amelala chini ya gari.

"Redio, sawa," aliniambia. "Pasi, sawa. Lakini kioo? Apana, mutoto yangu. Injini inakohoa, inalia, inakwambia kwenye inaumwa. Kioo ikikufa inanyamaza tu. Utaiuliza nini?"

Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa duka la kona. "Ile kioo ya namba inafunguliwa na mwenye aliitengeneza," alisema. "Na ule mutu iko Japani, haiko Buyenzi."

Wa tatu alikuwa Hajati, mama mtu mzima aliyekuwa na nyumba yenye baraza pana karibu na msikiti. Yeye hakusema habari ya vioo. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema: "Mwanangu, wenye akili walikimbia vita, we umerudi. Sasa tuseme nini juu ya akili yako?"

Ni kweli nilirudi. Nilirudi kwa meli kutoka Kigoma katika miaka ambayo meli za kutoka Bujumbura zilijaa watu na mikeka yao, na za kuingia zilikuwa na nafasi ya mtu kulala na kujinyoosha. Diploma yangu niliifunga ndani ya kitambaa cha plastiki cha meza, nikaivaa mgongoni chini ya shati. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Nilibeba magunia bandarini Kigoma miaka miwili, nikaenda Dar es Salaam, nikasoma elektroniki mchana na kufagia karakana za chuo jioni, nikafaulu mbele ya watoto wa wakubwa. Karatasi ile ilikuwa ya kwanza ya aina yake kuingia Buyenzi. Kama ilikuwapo nyingine, mwenye nayo hakuitundika. Mimi niliitundika.

Niliitundika kwenye baraza la Hajati, kwa sababu kwetu fundi anayeanza haanzi kwa kununua. Anaazima vyombo kwa watu wa mtaa, na mara nyingi kwa wale wale waliomcheka. Hajati aliniazima baraza na meza. Fundi wa injini aliniazima feri ya kulehemu na mita ya kupimia umeme. Mwenye duka la vitambaa aliniazima sanduku la bati lililojaa mashine za hesabu zilizokufa, nijifunzie. Uazima huo una sheria mbili ambazo hazijaandikwa popote. Ya kwanza ni kwamba hadi siku utakaporudisha, aliyekuazima ana haki ya kuja kukaa mezani pako, kutazama na kusema lolote. Ya pili ni kwamba chombo hakirudi mikono mitupu. Kama vile sahani ya jirani isivyorudi bila kitu juu yake, feri hairudi bila kitu kilichotoka kwenye kazi ya hiyo feri. Mtu anaweza kufanya kazi miaka mitatu na bado hajarudisha, si kwa kuwa chombo kimeharibika, bali kwa kuwa hajapata kitu kinachostahili kukisindikiza.

Kwa hiyo nilifanya kazi mbele ya macho ya watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kiti chake.

Pamoja na diploma nilikuwa nimebeba kitu kingine, na hicho ndicho hasa nilichotaka kukisimulia. Chuoni mwalimu wetu alikuwa na rafu nzima ya nakala za hati za uvumbuzi za mtu mmoja tu, Mjapani. Kazi yake ilikuwa semikondakta, yaani vile vitu kama silikoni ambamo umeme hupita ukiruhusiwa na kusimama ukikatazwa, na namna ya kuvitandaza vyembamba mno juu ya kioo mpaka kioo chenyewe kiweze kuonyesha namba, maandishi na picha. Alianza kuvumbua akiwa kijana, na wakati sisi tunasoma alikuwa bado anavumbua. Tulimwuliza mwalimu hati zake ni ngapi. Mwalimu akacheka. "Nilijaribu kuhesabu," alisema. "Kabla sijafika mwisho, alikuwa ameandika nyingine."

Wenzangu walicheka naye, wakaenda kula. Mimi nilibaki na ile rafu. Nilitaka kujua mtu huyu ni mtu wa namna gani. Je, huamka na wazo, au wazo humjia akinywa chai? Akiwa barabarani likamjia, huandika juu ya nini? Ana mke anayemwambia aache karatasi aje kula? Na alipomaliza la elfu, kama alifika elfu, alijuaje kwamba halikuwa la kwanza lililobadilishwa nguo? Mwalimu alipoona simalizi maswali alinipa nakala tatu za zamani zilizokuwa na michoro mingi, nadhani ili nimwondokee.

Nilizisoma melini, nilizisoma Buyenzi, nilizisoma siku ambazo mji ulifungwa na hatukuweza kutoka. Kiingereza chake kilikuwa kigumu kama kamba ya katani, lakini baada ya muda niliiona njia yake. Kila hati ilianza na kasoro. Haikuanza kwa kusema mimi ni hodari. Ilisema: vifaa vilivyokuwapo vina ubaya huu, na huu, na huu. Kisha ukaja mchoro wa kile kioo kikiwa kimekatwa ubavuni kama mkate, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina namba yake. Mwisho yakaja madai: ninachodai kuwa changu ni hiki, na hiki, basi.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba alieleza. Alieleza kila kitu, unene wa tabaka, joto la tanuri, gesi gani iingie kwanza. Buyenzi tulikuwa na fundi wa kabureta aliyefunika kabureta kwa kitambaa alipoirekebisha, na mteja akitaka kuchungulia alimtuma kununua sigara. Fundi wa injini niliyemtaja alikuwa na namna yake ya kusikiliza injini kwa fimbo ya chuma sikioni, na kila alipoulizwa anasikia nini alijibu, "Nasikia njaa yako." Na huku kulikuwa na mtu aliyevumbua vingi kuliko sisi sote, akiandika siri zake na kuzichora ili mtu yeyote mwenye macho azione. Mwalimu alinieleza kwamba ni mapatano: unautajia ulimwengu siri yako, na sheria inakulindia kwa miaka kadhaa. Nilielewa. Lakini sikuacha kushangaa.

Nikaiga. Kila kifaa kilichofika mezani niliandikia karatasi: juu Kasoro, katikati mchoro wenye namba, chini Ninadai. Nikazibandika ukutani kando ya diploma. "Kasoro: redio hii inanguruma. Ninadai kwamba kapasita namba tatu imekauka." Watu walipita kusoma. Fundi wa injini alinibatiza jina la Wakili.

"Wakili, leo unamushitaki nani?"

"Pasi ya mwalimu wa Musaga, muzee."

"Ataenda gerezani?"

"Atatoka kesho."

Alitoka kesho yake. Walikuwa wakitoka karibu wote, nami sioni aibu kusema hivyo. Katika miezi michache nilikuwa nafungua mashine za hesabu, saa za mkononi, hata kompyuta moja ndogo ya ofisi iliyokuwa imeanguka ngazi. Mwenye duka la vitambaa aliyesema mambo ya Japani alikaa kwenye kiti chake, akaona namba zikirudi juu ya kioo, akasema tu, "Mm." Mimi "Mm" hiyo niliihesabu kama makofi.

Halafu kikaja kipimo cha Hajati.

Hajati alikuwa na sukari. Mwanawe aliyekuwa Ulaya alimtumia kijimashine cha kupimia damu, kidogo kama kipande cha sabuni, chenye kioo cha namba. Muuguzi mmoja wa Kanyosha, aliyeshuka mjini kila wiki, ndiye aliyemfundisha kuchoma kidole na kuweka tone, na ndiye aliyemwambia namba ikifika wapi ale nini, na ikipita wapi ameze vidonge viwili badala ya kimoja. Hajati alikipenda kile kipimo. Siku hizo alikuwa akitoka barazani na glasi ya chai nyeusi yenye sukari tele, akisema, "Mia moja tu. Mashine yangu inanipenda."

Muuguzi alipokuja alimtazama miguu, akamtazama macho, akamwuliza kiu. Kisha akaniletea kipimo mezani. "We mwenye diploma," alisema. "Huyu mama si mia moja. Angalia hii kitu."

Nilikiwasha. Mashine za namna hiyo zikiwashwa huonyesha kwanza namba nane tatu, ili ujue kila kijistari cha namba kinafanya kazi. Hapa nane ya katikati haikuwa nane. Kijistari chake cha tumboni kilikosekana, ikawa sifuri. Muuguzi aliona nilichokiona. Mia na themanini ya Hajati ilikuwa ikisomeka mia moja, na yeye alikuwa akisherehekea kwa chai.

Wakati ule nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na kipimo kingine kisingepatikana Bujumbura kwa maombi wala kwa machozi. Muuguzi alisema atarudi baada ya siku nne na dawa. Alipofika kwao Kanyosha, milio ya risasi ilianza kwenye vilima vya huko kusini, na mabasi ya Musaga na Kanyosha hayakushuka tena. Tukabaki Hajati, kipimo chake, na mimi.

Kasoro niliipata asubuhi moja tu. Kati ya kioo na saketi kulikuwa na utepe wa mpira wenye mistari myembamba myeusi na myeupe, na mistari myeusi ndiyo inayopitisha umeme kwenda kwenye kila kijistari cha namba. Uchafu ulikuwa umeingia mahali pamoja. Nilipangusa kwa pamba na spiriti, nikarudisha, nikawasha. Nane tatu kamili. Hajati alikuwa kwenye kiti chake, fundi wa injini kwenye chake, mwenye duka kwenye chake, maana habari ilikuwa imeenea.

Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na hadithi.

Inabidi nieleze desturi yetu moja. Buyenzi kitu kipya hakivuliwi nailoni yake. Viti vya gari hukaa na nailoni ya kiwandani mpaka inageuka rangi ya chai na kupasuka. Televisheni hukaa nayo, feni hukaa nayo. Mimi niliyeishi Dar es Salaam nilikuwa nimeshaamua kwamba desturi hii ni ya watu wasiosafiri, na nilikuwa nikiwatania kwayo. Sasa juu ya kioo cha kipimo niliona karatasi nyembamba ya plastiki, imechubuka, pembe yake moja imeinuka. Nikaona fursa.

"Hajati," nilisema, nikiwaangalia wote watatu, "nailoni ni ya dukani. Kitu kikifika nyumbani kinavuliwa, kionekane."

"Kama umejua, vua," alisema.

Nikaibana pembe kwa kucha, nikaivuta yote kwa mkono mmoja, taratibu, kama anayefungua zawadi. Nikaikunja, nikaitupa kwenye mbabula, jiko la makaa la Hajati, iliyokuwa pembeni ikichemsha chai. Ikasinyaa, ikatoa moshi kidogo, ikaisha. Kisha nikakiwasha kipimo ili waone kinavyong'aa.

Hapakuwa na namba.

Kioo kilikuwa safi kama maji ya mtungi, na kitupu kama maji hayo hayo. Nilikizima, nikakiwasha. Nilikisikia kikilia "pii" yake ya kuanza, kwa hiyo kilikuwa hai. Lakini namba hazikuwapo. Nikakigeuza, nikakipuliza, nikafungua na kufunga. Hakuna.

"Vipi?" Hajati aliuliza.

Nilisema uongo. Ni uongo mmoja tu niliousema mezani pale, na bado naukumbuka jinsi ulivyotoka kirahisi. "Kioo kimechoka, Hajati. Kipumzike mpaka kesho."

Fundi wa injini alinyanyuka akijikuna tumbo. "Kioo inachoka," alimwambia mwenye duka. "Umesikia? Ni mambo ya diploma. Sisi hatukusoma."

Siku hiyo yote nilikaa na zile hati tatu. Nilisoma sura ndefu za semikondakta ambazo nilizijua karibu kwa moyo. Nilitafuta ni tabaka gani la kioo linaweza kufa kwa kuguswa. Nilipima kila waya kwa mita. Umeme ulikuwa unafika. Kila nilichojifunza kilisema namba zipo, na macho yangu yalisema hazipo. Nakiri kwamba ndani ya hofu nilikuwa na udadisi, na udadisi ulikuwa mkubwa kuliko hofu. Namba zimekwenda wapi? Kitu kinachopewa umeme, chenye uhai, kinajificha wapi ndani ya kioo chembamba kuliko ukucha?

Kesho yake Hajati alitoka amechelewa, akishika ukuta. Alikaa, akanywa maji glasi mbili mfululizo, akataka ya tatu.

"Mwanangu," alisema, "kichwa inazunguka. Sijui ni sukari imepanda ao imeshuka. Muuguzi aliniambia kama imepanda nimeze vidonge mbili, kama imeshuka nilambe asali, na nikikosea nitaanguka. Sasa nifanye nini? Nipe mashine yangu."

Na njia ya Kanyosha ilikuwa bado imefungwa.

Nilikiwasha mbele yake. "Pii." Kitupu. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, kwamba nimeiharibu kwa majivuno. Wakati huo huo fundi wa injini alikuwa akivuka njia na mikono yake yenye grisi, akaja kusimama nyuma yangu, jua likiwa usoni mwake.

"Ah," alisema. "Imepona."

"Muzee, tafadhali. Leo usinitanie."

"Nani anakutania? Nane, nane, nane. Iko hapo."

"Hakuna kitu hapo!"

"We mutoto, umekuwa kipofu? Nane tatu, nyeusi tii!"

Hajati akainua kichwa. "Hata mi sioni kitu. Acha mambo yako, muzee, mi naumwa."

Fundi alikasirika kwelikweli. Alishuku kwamba tunamfanyia mzaha yeye. Akainama karibu, akainamisha kichwa upande kama anavyosikiliza injini, na ghafla akasema, "Eh! Zimepotea." Akanyoosha kichwa. "Zimerudi." Akainamisha. "Zimepotea. Wallahi, hii kitu iko na shetani."

Nikamwangalia uso. Nikaiangalia miwani.

"Nipe hiyo miwani."

"Miwani yangu? Apana!"

"Nipe, nakuomba, dakika moja."

Hakunipa. Aliivua tu akainyoosha mbele ya macho yangu, akiwa ameishika fremu kwa vidole vyote. Nikachungulia. Nane, nane, nane, nyeusi kama wino, pale pale zilipokuwa siku zote. Niligeuza kipimo mkononi, zikafifia, zikapotea. Nikageuza tena, zikaja. Nilisahau kwamba Hajati anaumwa, na Mungu anisamehe. Kwa muda kama wa pumzi tano nilikuwa nazungusha kile kijimashine huku na huku na kucheka peke yangu.

Kisha nikazirukia zile hati tatu, kwenye mchoro wa Mjapani. Tabaka la kioo, lina namba. Tabaka la silikoni, lina namba. Fuwele majimaji katikati, ina namba. Na nje kabisa, juu na chini, mistari miwili myembamba. Nilikuwa nimeitazama mara mia nikidhani ni mpaka tu wa mchoro, jinsi mtoto wa shule anavyochora boksi kuzunguka jibu. Nayo ilikuwa na namba zake. Nilizifuata ndani ya maandishi: ni karatasi za kuchuja mwanga, moja mbele, moja nyuma. Ndani ya kioo namba huuzungusha mwanga tu. Bila ile karatasi ya mbele, jicho la binadamu halioni tofauti yoyote. Miwani ya fundi ilikuwa ya aina hiyo hiyo ya kichujio, basi yeye peke yake Buyenzi nzima alikuwa anaona.

Mjapani hakuwa ameficha kitu. Alikuwa amechora, akaweka namba, akaeleza. Mimi niliruka mistari miwili ya nje kwa sababu diploma yangu ilitamani ya ndani.

"Hajati," nilisema, "ile niliyoivua haikuwa nailoni. Nimeharibu mimi. Lakini namba ziko, na sasa hivi tutazisoma. Muzee, simama hapa na miwani yako usiondoke."

"Mi sitoki," alisema. Alikuwa ameshavimba kwa umuhimu.

Hajati alichoma kidole, akaweka tone. Tukangoja, watu watatu tumeinamia kipande cha sabuni. "Pii." Fundi akarekebisha miwani, akasoma kwa sauti ya mwadhini: "Mbili! Sita! Nne!"

"Mia mbili sitini na nne?"

"Mi sijasoma, lakini namba najua."

Hajati alimeza vidonge viwili pale pale, akaimwaga chai yake nyeusi kwenye vumbi. Kufikia adhuhuri alikuwa ameacha kushika ukuta. Alipoona namwangalia fundi kwa jicho la kushukuru, akasema, "Lakini siwezi kuolewa na huyu muzee ili nisome sukari yangu kila asubuhi. Tengeneza."

Nilitengeneza. Nilichukua kutoka sanduku la bati mashine ya hesabu moja iliyokufa isiyo na matumaini, nikaiweka juani juu ya bati mpaka ikapata joto, nikaivua karatasi yake ya mbele polepole kuliko nilivyowahi kufanya chochote maishani. Nikaisafisha gundi, nikaikata kwa wembe kwa kipimo cha kile kioo, nikaibandika kwenye kingo. Nikawasha. Namba zikatokea nyeupe juu ya giza, kama mji wenye taa.

"Imegeuka nje ndani," mwenye duka alisema kutoka kwenye kiti chake, kana kwamba ni kanzu.

Alikuwa sahihi, kama mtu wa vitambaa anavyoweza kuwa sahihi. Karatasi ile, kama kitambaa, ina upande wa nje na wa ndani. Niliigeuza, tumbo likawa mgongo, nikaibandika tena. Nane tatu, nyeusi juu ya kijivu. Hajati alizisoma mwenyewe, bila miwani ya mtu.

Njia ilipofunguliwa muuguzi wa Kanyosha alishuka na kipimo cha zahanati. Walipima kidole kimoja kwa mashine mbili. Namba zilikuwa sawasawa. Muuguzi alinipa mkono. Nilisimama wima kuupokea, kwa sababu nilistahili.

Tangu siku hiyo sikuvua kitu cha mtu kabla ya kukitazama kwa miwani niliyojitengenezea kwa mabaki ya ile karatasi. Watu walinijia kutoka mitaa ambayo haikuwa ikipitiana siku hizo, wakakaa kwenye foleni moja barazani, wakitazamana kidogo, kila mmoja na kioo chake kilichonyamaza. Simu za mkononi zilipoanza kuingia mjini, mimi nilikuwa nimeshajua vioo vyake kabla watu hawajazinunua. Nikapata meza yangu, feri yangu, chumba changu chenye mlango.

Ndipo ikafika Ijumaa ya kurudisha. Nilingoja watu watoke msikitini, ili wote waone.

Kwa mwenye duka nilirudisha sanduku la bati likiwa na mashine za hesabu zinazofanya kazi, zote isipokuwa moja. "Hii moja haina uso," nilimwambia wazi. "Uso wake anao Hajati." Akaibonyeza moja baada ya nyingine, akasema, "Mm."

Kwa Hajati nilirudisha meza, na juu yake kitambaa kipya, na juu ya kitambaa kipande cha kichujio kilichokatwa tayari, ndani ya bahasha, cha akiba siku kile cha kwanza kitakapochubuka. Aliipapasa meza, akaniuliza, "Na diploma yako ukutani?" Nikamwambia nitakuja kuichukua. Akasema, "Iache kwanza. Watu wameizoea."

Fundi wa injini nilimwacha wa mwisho. Nilikuwa nimewaza juma zima ni kitu gani kinastahili kusindikiza feri na mita yake. Nilivuka njia, nikamkabidhi vyombo vyake, na juu yake nikaweka karatasi moja iliyoandikwa kwa wino, kwa mpangilio wa Mjapani. Juu: Kasoro, kwamba kioo kilichovuliwa karatasi yake ya mbele huonekana kimekufa nacho ki hai. Katikati: mchoro wangu, tabaka kwa tabaka, na mistari miwili ya nje nimeikoleza kuliko yote. Chini: Tunadai kwamba kioo cha namna hii kinaweza kusomwa kupitia miwani rahisi ya jua. Mahali pa mvumbuzi niliandika jina lake. Langu nililiweka chini, mahali pa mchoraji.

Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, miwani ikiwa imepandishwa juu ya kipaji bila kuombwa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Macho yake yalikuwa madogo na mekundu. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akafika tena kwenye jina lake, akakaa hapo. Watu waliotoka msikitini walikuwa wamejaa mlangoni.

Kisha akaweka kidole chenye grisi katikati ya karatasi.

"Hapa umeandika miwani rahisi."

"Ndiyo, muzee."

"Nilinunua Uvira kwa bei ya mbuzi. Futa hiyo rahisi."

Nikatoa kalamu, nikaifuta.